Shoka Lililolala Mkwajuni

Nilipokuwa mtoto, kabla baba hajakata mti wowote mkubwa, shoka lake lilitangulia kwenda kulala huko. Jioni aliliegemeza kwenye shina, akasema maneno machache ya Kinyaturu ambayo hakutaka tuyarudie ovyo, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Asubuhi akilikuta limesimama, mti umekubali. Akilikuta chini, basi, mti umekataa, na hata mtu angemwahidi ng'ombe asingepanda.

Ndiyo ilikuwa kazi yake, kukata miti ya watu. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka bondeni kwetu, tukapangwa kwa mistari karibu na barabara ya Ihanja. Wenzake wakishinda shamba la kijiji, yeye aliitwa huku na kule: hapa tawi limeelemea paa, pale mti umekaukia uani. Mali yake ilikuwa shoka, panga, kamba ya katani na mdomo usiochoka kufundisha. Tawi nene usilikate kutoka juu tu, alisema. Anza chini, ulitie jeraha kidogo, ndipo uje juu, la sivyo litachuna gome mpaka shinani. Gonga shina kwa kisigino cha shoka usikie kama ndani ni bovu. Ukiona uyoga kwenye mizizi, shuka kabla hujapanda.

"Mtu anashukaje kabla hajapanda, Baba Eliza?" mama alimcheka.

"Ndiyo maana bado niko hai," baba alijibu.

Mama alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli, na habari za shoka kulala zilimkera. Alisema mumewe anaomba ruhusa kwa kuni. Baba hakubishana naye. Kila mtu na imani yake, na ugali ulikuwa mmoja.

Sasa mwaka huo hata huo ugali haukuwepo. Mvua zilitukimbia, tukala mlenda mtupu mpaka tukachukia kuuona. Mdogo wangu Yona alivimba miguu na uso, akawa halii tena, anatazama tu. Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji alipokuja kwa baba. Kulikuwa na mkwaju mkubwa umeinamia darasa jipya, nao lazima uondoke. Watu waliuogopa, walisema una wenyewe. Ujira wake, gunia la mtama kutoka ghala la kijiji. Gunia! Mama aliposikia alikaa chini pale pale mlangoni.

Jioni ile baba alipeleka shoka. Alfajiri mimi na mama tulikuwa tunakwenda kisimani, na njia ilipita chini ya mkwaju. Shoka lilikuwa limeanguka. Mama alisimama. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, hakuna mtu. Akatua ndoo, akaliokota, akaliegemeza. Likateleza. Akaliegemeza tena, safari hii likakaa.

"Eliza, umeona nini?"

"Shoka limeanguka, mama."

"Umeona shoka limesimama. Ule ulikuwa upepo tu. Unamwona Yona alivyo?"

Nikasema ndiyo, limesimama. Nilikuwa na njaa mimi pia.

Tulipokuwa tunarudi na maji, baba alikuwa amekwisha kufika. Alilichukua shoka, akagonga shina huku na huku, likaitika kigumu. Hakuona uyoga. Akapanda, akaanza na matawi ya upande wa darasa, chini kwanza kisha juu, kama alivyotufundisha. Alipoliangusha la pili, mkwaju wote ukaanza kuinama upande wa pili, taratibu, kama mzee anayeketi, naye akiwa juu yake. Mama alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka naziba masikio.

Kumbe waliochimba udongo wa matofali ya darasa walikuwa wamekata mizizi ya upande mmoja, kisha wakafukia shimo. Juu mti ni mzima, chini hauna mshiko.

Baba alivunjika paja. Alirudi kutoka hospitali ya Singida mguu mmoja ukiwa mfupi, na hakupanda mti tena maishani mwake. Gunia tulipewa, maana mti ulikuwa chini. Yona akala, akapona. Mama hakuuonja ule mtama. Alitupikia, akatupakulia, akarudi kwenye mlenda wake.

Tangu siku hiyo mama akawa mtumwa wa baba. Baba aligeuka mtu wa hasira, chai imepoa, fimbo imewekwa mbali, na mama yule aliyekuwa akimtania sasa anainamisha kichwa tu. Miaka na miaka! Alipokaribia kufa alinishika mkono: "Mimi ndiye niliyemvunja baba yako. Usimwambie, atanichukia." Nikamwahidi.

Tulipomaliza matanga, baba aliniita kwenye kigoda chake.

"Lile shoka la mkwajuni," alisema. "Nilijua."

"Ulijua nini, baba?"

"Shoka lililosimama usiku kucha halina udongo mbichi kwenye mpini. Na nyayo za mama yako nazifahamu."

"Na ukapanda?"

"Yona alikuwa anakufa, Eliza. Ningefanyaje?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama, hata mara moja.

"Mwanzoni ilikuwa hasira. Baadaye akawa ananitunza vizuri mno. Nikaogopa akijua kosa si lake peke yake, atanichoka mimi kilema."

Mungu anisamehe, nilitamani kumtukana mzazi wangu. Nikainuka, nikaenda zangu uani, na huko ndiko nilipojikuta sina haki hiyo. Nilikuwepo alfajiri ile. Na baadaye nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, nikimwona mama akiinamisha kichwa kila siku, na sikuwahi kumwambia baba, "Sote tulikuwa na njaa, mwache." Niliiita heshima. Ilikuwa woga.

Siku hizi nadhani nalielewa lile shoka. Mti uliokatwa mizizi hutikisika hata kwa upepo mdogo, na chuma kilichoegemezwa juu yake kitateleza tu. Labda wazee walilijua hilo wakaliita kukataa. Labda pia mkwaju ulikuwa na wenyewe, sibishi. Lakini mkwaju ulivunja mguu mmoja. Mama tulimvunja sisi wawili, baba na mimi, kidogo kidogo, kwa kunyamaza, na hapo sina mti wa kuusingizia.