Sentensi ya Saba

Kuna aina moja ya sentensi za Kiingereza ambayo hadi leo nikiiandika mkono wangu huwa mzito. Ni ile inayosema mtu anafanya jambo, ikaeleza namna anavyolifanya, kisha ikalifananisha na jambo lisilokuwapo: anatembea polepole kana kwamba amechoka, anaongea kwa sauti kubwa kana kwamba sisi ni viziwi. Nilijifunza sentensi hizo katika shule ya shamba, juu ya Gilgil, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau misituni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha udongo nyuma ya banda la kukaushia pareto. Mama alichuma maua ya pareto katika shamba hilo hilo la mzungu. Baba alikuwa ameshakufa. Kaka yangu, mtoto pekee wa kiume, alitoka asubuhi moja akisema anaenda kutafuta kazi Nakuru, na hakurudi. Siku zile kijana akikosekana kwao, majirani hawakuuliza. Waliangalia chini wakapita.

"Chagua neno la namna," mwalimu alituambia, akigonga ubao. "Quietly. Slowly. Proudly. Halafu as if, kana kwamba. Halafu mfano. Na huo mfano si kweli, mnasikia? Mtu hajachoka, lakini anatembea kama amechoka."

Tuliimba sentensi zake hadi koo zikakauka. Kisha akatuagiza kila mmoja aandike kumi kuhusu nyumbani kwao. Mke wa mwenye shamba, tuliyemwita memsahibu, angekuja Ijumaa kama kawaida yake kusoma daftari lililo bora.

Mimi nilikuwa mtoto wa kujidai, sina haja ya kuficha. Nilitaka daftari hilo liwe langu. Wenzangu waliandika juu ya ng'ombe na mbwa, na mimi nikatafuta kitu ambacho hakuna mwingine angekuwa nacho. Jioni nilipoinua macho kutoka kwenye daftari, Mama alikuwa anapakua chakula.

Kwetu mtu akiwa mbali, sehemu yake hupakuliwa. Bibi alimpakulia babu alipokwenda na ng'ombe wa watu mpaka Ndabibi. Mama alimpakulia Baba wakati amelazwa hospitalini. Si kwamba mtu anatarajiwa. Ni kusema tu kwamba mahali pake bado papo. Kwa hiyo kila jioni Mama alimpakulia kaka githeri ya mahindi na maharagwe, akafunika bakuli, akaliweka kando ya mafiga. Asubuhi nilikila chakula hicho, kimeshapoa, kabla ya kwenda shule. Hakuna mtu aliyekuja kukichukua. Hilo nimelirudia kichwani maisha yangu yote: aliyekula chakula kile nilikuwa mimi.

Sentensi yangu ya saba ikawa hii: "My mother serves food quietly, as if my brother were coming." Mama yangu anapakua chakula kimya kimya, kana kwamba kaka yangu anakuja.

Nilikuwa mjinga? Nimejiuliza sana. Kila mtoto wa pale alijua yasiyosemwa mbele ya nyapara, wala kwenye foleni ya posho, wala mtoni. Mdomo huponza kichwa, tuliambiwa asubuhi na jioni. Lakini tuliambiwa kwa lugha yetu. Kiingereza nilikiona kitu cha shule, kama chaki: ukitoka mlangoni unapangusa mikono, kimekwisha. Sikufikiri kwamba kuna watu wanaoishi ndani yake, wanaokitumia kuulizana habari na kuitana.

Ijumaa memsahibu alikuja na kofia yake pana na pakiti ya peremende. Mwalimu akampa daftari langu. Alikuwa ameshalisahihisha kwa wino mwekundu, na nadhani hakuona kitu humo ila makosa ya herufi. Memsahibu alisoma kwa sauti. Sentensi ya tano ilimchekesha, ile ya kuku wetu anayetembea kwa maringo kana kwamba shamba ni lake. Akasoma ya sita. Ya saba aliisoma kimya, halafu akairudia, midomo ikicheza bila sauti.

"Wewe iko na ndugu ngapi?" akaniuliza kwa upole.

"Mmoja, memsahibu."

"Yeye iko wapi?"

"Nakuru."

Akanipa peremende mbili badala ya moja, akaondoka na daftari langu. Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Hapo ndipo siwezi kujisamehe: nilikuwa na furaha Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Mama alisikia nimekuwa wa kwanza, akanichemshia yai.

Jumatatu asubuhi lori la askari lilisimama kando ya shamba la pareto. Wanawake wote walikuwa kazini, wameinama. Aliitwa Mama peke yake. Alifungua kikapu kiunoni, akakiweka chini kwa uangalifu ili maua yasimwagike, akageuka huku na huku akinitafuta. Sisi wanafunzi tulikuwa tumetoka nje kutazama. Nikarudi nyuma ya ukuta, nikajificha. Niliogopa kwamba akiniona usoni atajua.

Alikaa kizuizini zaidi ya miaka miwili. Shangazi, dada yake Baba, alinichukua nikaishi naye Nakuru katika nyumba za wafanyakazi wa reli, maana mumewe alikuwa fundi huko. Nilipata shule nyingine. Lakini sauti ya memsahibu nilihama nayo. Nikiosha vyombo naisikia ikisoma: ya nne, ya tano, kicheko, ya sita, halafu ule ukimya. Wiki moja baada ya Mama walichukuliwa wanawake wengine watatu shambani, na hao hawakuwa na mtoto shuleni, kwa hiyo pengine sentensi yangu haikufanya lolote. Nilijiambia hivyo asubuhi. Kufika jioni nilikuwa nimeshaacha kuamini. Darasani tukifika kwenye as if, nilirudiarudia neno la kwanza tu, na mwalimu mpya akadhani nina kigugumizi.

Mama aliachiwa, akatufikia Nakuru adhuhuri moja, amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Aliniuliza niko darasa la ngapi kabla hajaomba maji. Kaka hakurudi kamwe, wala hatukuonyeshwa kaburi.

Nilikaa naye miezi bila kuitaja sentensi ile. Alicheka nami, alinisuka, na kila aliponigusa kichwa nilihisi namwibia. Hatimaye nikaamua mambo mawili: nitamwambia, na nitaacha shule, kwa sababu sikuona ni kwa uso gani ningeendelea kufaidi kitu kilichompeleka kule. Jumapili moja tulikuwa barazani tunachambua maharagwe. Nikamwambia yote, mpaka zile peremende.

Aliendelea kuchambua.

"Najua," akasema. "Walinisomea siku ya kwanza. Karani akatafsiri. Wakauliza huyu mtoto amejuaje kaka yake anakuja."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni mimi nilikutuma uandike hivyo, kwa kumkumbuka. Hawakuamini. Wakataka wakulete wewe, uulizwe. Nikawaambia basi, niulizeni mimi mpaka mchoke."

Maharagwe yalinimwagika mapajani. Nililia mpaka shangazi akachungulia mlangoni. Nilipopata sauti nilimlaumu, ndiyo, mimi nikamlaumu yeye: mbona tangu arudi hakuniambia kwamba anajua, akaniacha nibebe mzigo huu peke yangu?

Mama aliokota changarawe kwenye ungo, akaitupa uani.

"Ungeacha shule," akasema. "Na kesho utaenda."

Nilienda.