Kompyuta Iliyozimika Kwetu Tu

Kaka hanipendi, na sijawahi kujifanya sijui. Si kaka wa tumbo moja. Ni mtoto wa shangazi, na nyumba ni ya shangazi, hapa Kibuli, Kampala, chini kidogo ya msikiti. Mama yangu yuko Oman, anapika katika nyumba ya watu, kwa hiyo mimi "nalelewa." Neno hilo nalisikia kila ninapochelewa kuosha vyombo.

Kaka anapiga video za harusi. Anakwenda na kamera, anarudi na masaa ya watu kucheza na kula, halafu anakaa sebuleni kwenye kompyuta kuyakata yawe kitu cha kutazamika. Mwisho kompyuta inaunganisha vipande vyote kuwa video moja, na kazi hiyo yeye huita kupika. Kompyuta yenyewe ni ile kubwa ya mezani, nyeusi, na ndani ina kadi ya picha ambayo kaka huitaja mbele ya wageni kama mtu anayetaja cheo cha baba yake. Bila kadi ile, anasema, video haipikiki. Mimi nilikuwa naruhusiwa kuitumia kwa kazi za shule tu, tena yeye akiwa hayupo, tena baada ya kunawa mikono.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, ikaanza kuzima. Video inapikwa, mara mistari ya kijani na zambarau inapita juu ya uso wa bibi harusi, skrini inakuwa nyeusi, halafu mashine inajiwasha yenyewe kama vile haikufanya kitu.

"Ulifanya nini?" kaka aliniuliza siku ya kwanza.

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Shangazi alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka anachambua mchele, lakini inaelekea yeye hakuhesabiwa.

Mimi sina mdomo. Nikisemeshwa kwa ukali, maneno yanapanda mpaka hapa kooni na kukaa. Watu huona mtu aliyenyamaza wakadhani amekiri. Kaka aliona hivyo. Aliifunga kompyuta kwenye shuka, akaipakia kwenye boda mpaka Old Kampala kwa fundi, nami nikaenda nyuma yake nimebeba nyaya. Fundi hata hakuinuka.

"Virusi tu, ssebo. Nyumbani kuna mtoto anacheza gemu?"

Kaka akanigeukia polepole, na fundi akafuata macho yake, akacheka. "Basi ndiye huyo virusi mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Nikaangalia nyaya.

Fundi akafuta kila kitu, akaweka Windows mpya, akaiacha ikipiga nyimbo siku nzima dukani kwake. Haikuzima hata mara moja. Ikarudi nyumbani, kaka akafungua harusi yake, akaanza kupika, na kabla shangazi hajamaliza kuswali, mistari ikaja, giza likaja.

Shangazi alikunja mswala wake bila haraka. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Kule kwa watu haizimi. Hapa inazima. Sasa hapa kuna nini?"

Akanitazama mimi.

Lazima nieleze kuhusu shangazi na ubani. Sisi ni Wanubi, na nyumba yetu hufukizwa kila Alhamisi jioni tangu kabla sijazaliwa. Ule wa Alhamisi sina neno nao, hata naupenda. Lakini baada ya siku ile shangazi aliamua kwamba kompyuta imepigwa jicho, akaanza kuifukiza yenyewe, kila siku, kama mgonjwa. Alikuwa anaweka chetezo sakafuni, ubavuni mwa mashine, pale penye matundu, na moshi ulikuwa unaingia ndani kama umeitwa.

"Unaona inavyouvuta?" alimwambia kaka, amefurahi kweli. "Ilikuwa na kiu."

Ikazidi kuzima. Akazidisha ubani, akachanganya na udi. Kaka aliyejua mambo ya kamera na kadi na Windows hakusema kitu, kwa sababu mamaye akifukiza, hakuna anayesema kitu.

Na jicho lazima liwe la mtu. Wateja walitajwa, jirani akatajwa, halafu wakachoka kutafuta mbali. "Huyu ni kisirani," shangazi alisema nikiwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. "Tangu aingie humu, friji imekufa, paka amekufa, sasa hii." Paka aligongwa na boda, watu wote wa njia yetu waliona. Nilitaka kusema hivyo. Nikaweka chai mezani.

"Muhula ukiisha aende Bombo kwa babu yake," akasema. "Shule hata kule zipo."

Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Bombo si mbali, na babu si mtu mbaya. Lakini mimi ilinichukua tangu kidato cha kwanza mpaka mwaka ule kuweza kunyoosha mkono darasani. Nina dawati langu pembeni mwa dirisha, nina rafiki ambaye hanilazimishi kuongea, nina mwalimu wa hisabati anayesubiri mpaka sauti yangu itoke. Kuanza upya kidato cha nne, mwaka wa mtihani, mbele ya darasa zima la watu wapya wanaoniuliza kwa nini nimehamishwa... Niseme nini? Nimefukuzwa kwa sababu ya kompyuta?

Sasa niandike kile ambacho sikuweza kukisema: nilikuwa nacheza gemu. Fundi alipatia hapo. Kaka akienda harusini, mimi nilikuwa nacheza gemu ya mpira, na mimi ni mzuri sana, hakuna anayejua. Na ilikuwa inazima kwangu pia, vile vile, mistari, giza, mara nyingi nikiwa nataka kufunga goli. Lakini nikiandika kazi ya jiografia haikuzima hata ikikaa mchana kutwa. Fundi naye alipiga nyimbo tu, hakupika video. Nikajiuliza ni virusi gani hivi vinavyochagua kazi. Na jicho gani hili lisilojali jiografia?

Jumamosi moja kaka alipokuwa harusini, nilitafuta mtandaoni maneno kuhusu ile mistari ya rangi. Watu wengi walikuwa nayo, duniani kote, na wengi waliambiwa jambo moja: kadi ya picha inapata moto. Ikifanya kazi nzito inapata moto, na moto ukizidi inajizima isiungue. Kuna programu ndogo ya bure inayoonyesha joto la kadi pembeni mwa skrini. Nikaiweka. Nikaandika insha, namba ikakaa chini imetulia. Nikafungua mpira, namba ikaanza kupanda kama boda inavyopanda kilima chetu na abiria wawili, inalia, inalia, halafu ikashindwa. Giza.

Nikachukua bisibisi kwenye droo ya cherehani ya shangazi, nikafungua ubavu wa mashine.

Harufu ndiyo iliyonitokea kwanza. Ilinukia ubani, wa Alhamisi za miaka yote na huu wa kila siku, uliokolea, kama kanga iliyokaa sandukuni. Vumbi lote la ndani lilikuwa limegandana, la kahawia, linanata. Kadi ile ina feni yake ndogo, na ile feni ilikuwa imevaa utando kama ukoko wa sufuria. Nikaisukuma kwa kidole. Ilikwenda nusu mzunguko, ikakwama, kana kwamba imetumbukia kwenye asali.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka. Nani atamwambia shangazi?

Nilirudisha kifuniko. Siku zilizofuata nilifanya mazoezi bafuni, maji yakiwa yanamwagika wasinisikie: Kaka, naomba kusema kitu kuhusu kompyuta. Nilipoisema kweli, alikuwa anakula.

"Wewe," alisema bila kuinua kichwa, "ndiye wa mwisho katika Kampala hii kuniambia kitu kuhusu kompyuta. Lete chumvi."

Nilileta chumvi. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

Halafu, kutoka Kisugu, akaja dada wa bwana harusi mmoja ambaye video yake ilikuwa imechelewa. Aliingia mchana na mkoba mkubwa, akakaa kwenye kochi, akakunja mikono, akasema haondoki bila video kwenye flashi yake. Kaka akaanza kupika mbele yake, anatabasamu. Shangazi akafukiza. Mistari ikaja juu ya keki. Giza.

"Banange," alisema yule dada. "Harusi yenyewe ilikuwa fupi kuliko hii. Bibi harusi sasa ana mimba. Mnataka aitazame na mtoto mgongoni?"

Kaka alitoka jasho. Akanyoosha kidole kwangu. "Si mimi, dada. Huyu ndiye anaiharibu. Anaingiza virusi, anaingiza sijui nini."

"Yametosha," shangazi akasema. "Hatungoji mwisho wa muhula. Nenda ufunge nguo zako, leo hii unakwenda Bombo."

Nilianza kweli kwenda. Nilifika kwenye pazia la chumbani. Sijui kilichonirudisha, labda hasira, maana si ujasiri. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Ni joto!"

"Joto gani?" kaka akasema. "Kampala nzima ina joto."

"La kadi. Feni yake haizunguki. Ndiyo maana inazima wewe ukipika, na mimi nikicheza mpira, lakini nikiandika haizimi."

Kaka akainuka.

"Ukicheza nini?"

Alinipiga kofi la kisogo kabla sijamjibu. Aliinua mkono tena, na yule dada akasema, bila hata kukunjua mikono yake, "Utampiga baadaye. Kwanza amalize."

Kwa hiyo nilimaliza. Nilifungua ubavu. Nilileta feni ya mezani ya chumbani kwa shangazi, sikuomba ruhusa, nikaielekeza ndani ya mashine, nikaiwasha kwa nguvu zote. Nikamwonyesha kaka ile namba pembeni mwa skrini. "Pika," nilimwambia. Sijawahi kumwamrisha kitu, na sijamwamrisha tena.

Akapika. Namba ikapanda, ikafika juu, ikasita pale. Tulikaa tunaitazama wote wanne kama watu wanaosubiri daktari. Keki ikapita. Ngoma ikapita. Mama wa bwana harusi akapita akilia. Video ikafika mwisho, na kaka hakunitazama.

Yule dada aliinama kuchukua flashi yake, pua ikakaribia mashine. "Eh! Mbona inanukia kama chumba cha bibi harusi?" Akachungulia ndani, akauona ule utando, akakiona chetezo sakafuni bado kinatoa moshi, akaelewa. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, umeinyonga kwa ubani!"

Alicheka mpaka getini. Alipokwisha kwenda, shangazi alisimama.

"Mgeni amecheka ubani wangu," alisema, "ndani ya nyumba yangu. Na wewe ndiye uliyemfungulia."

"Shangazi, mimi nilisema feni tu, sikusema..."

"Funga nguo."

Kumbe nilikuwa nimeshinda bure. Nilifunga nguo. Sikulia, nilikuwa na hasira mno. Sebuleni niliwasikia wakibishana, halafu kaka akaniita. Alikuwa na brashi ya rangi na chupa ya spiriti, amejaribu kusafisha, na vidole vyake vinene haviingii kati ya kadi na chuma. Aliogopa kuivunja. Nilipiga magoti nikasafisha mimi, bawa moja moja, pamba ikitoka nyeusi, mpaka feni ikazunguka kwa pumzi tu. Shangazi alikuwa amesimama juu yetu.

"Mama," kaka alisema, "huyu akienda Bombo, hii atasafisha nani?"

"Wewe."

"Mimi?" Alisema kama mtu aliyeambiwa akakamue ng'ombe.

Hakunitetea. Nataka lieleweke. Alikuwa anatetea vidole vyake. Shangazi akavuta kanga yake.

"Basi abaki asafishe. Lakini kiti hicho asikikalie."

Sikikalii. Kazi za shule naandika kwa mkono, na mpira sijacheza tena. Kaka huwaambia wateja kwamba aligundua mwenyewe, kwa kupima joto, na mimi napita na chai nikisikia. Msamaha sijaombwa, hata kwa lile kofi.

Lakini niko kidato cha nne, kwenye dawati langu, pembeni mwa dirisha langu. Shangazi bado anafukiza kompyuta, tena kwa makusudi zaidi, kuonyesha kwamba hajashindwa na mtoto. Mwanzoni mwa mwaka nilimwomba, kwa heshima zote, akiweke chetezo karibu na mlango. Alinitazama, akakisukuma kwa mguu mpaka kikagusa mashine.

Sikumwomba tena. Moshi ukiichafua, lazima awepo wa kuisafisha. Mtihani uko mwisho wa mwaka, na mpaka hapo sina haja na feni safi.