Sentensi ya Mwisho ya Muuza Mchele

Kalamu nyekundu ilinitia kiburi. Miaka ya sabini, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, nilipangiwa kazi Iringa, katika ofisi ya kanda ya elimu ya watu wazima, iliyohudumia hadi Mbeya. Madarasa ya kisomo yalikuwa yanatunga kitabu kikubwa cha maarifa: kila darasa liandike makala kuhusu jambo linalolijua, sisi tuipime, tuipige chapa, irudi vijijini isomwe. Kila makala ilipata alama moja kati ya tatu: inafaa, irekebishwe, au itupwe. Nilipenda sana kutupa.

Siku moja ikaja makala ya penseli, kurasa nne za daftari, kutoka darasa la Mwanjelwa, Mbeya. Ilihusu sinema iliyokuwa ikizungushwa na gari la sinema. Mwandishi alikuwa mama muuza mchele, ambaye miaka miwili kabla hakuweza kuandika hata jina lake. Mwalimu wake aliambatisha barua akieleza kwamba mama huyo anaulizia kila wiki kama makala yake imepita, kwa sababu anataka kusoma maneno yake mwenyewe kitabuni kabla macho hayajamwishia.

Sinema yenyewe niliijua. Niliiona mara mbili katika ukumbi wa parokia: kijana anamwacha mama yake kijijini, anakwenda kuchimba madini nchi ya mbali, mgodi unaporomoka, anakufa, anazikwa. Basi nikaanza kuichambua makala kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Haikutaja aliyeitengeneza sinema, wala mwaka, wala urefu wake. Badala yake ilisema nyumba ya mama wa yule kijana inavuja upande wa jikoni, na kwamba kijana aliondoka bila kula. Nikaandika pembeni: "Umejuaje?" Kisha nikafika mwisho: "Kijana ameumia kazini. Yuko hospitali. Anaendelea vizuri."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Mtu mzima anaangaliaje jeneza likishushwa kaburini, kisha aandike kwamba marehemu anaendelea vizuri? Lakini sikuitupa. Nilitaka kujua alikosea wapi, na gari la sinema liliporudi Iringa, nikaenda uwanjani kuiangalia mara ya tatu, karatasi za muuza mchele mapajani.

Nyumba ilikuwa inavuja kweli. Sufuria lilikuwa limekingwa pale pale jikoni, na mimi msomi sikuwahi kuliona. Na ugali wa kijana... hapana, si ugali, chakula chao sikukitambua, lakini sahani ilibaki imefunikwa. Niliona aibu kidogo.

Watu wa kwenye sinema walizungumza Kiingereza. Ukumbini hatukuwa na mkalimani, ila hapa uwanjani dereva wa gari alishika kipaza sauti akawa anaeleza kwa Kiswahili. Jeneza lilipotokea akasema, "Ndugu zangu, kijana ameumia. Yuko hospitali, anaendelea vizuri." Akina mama waliokaa mbele yangu wakavuta kanga wakajifunika vichwa.

Mwishoni nilimfuata nikamuuliza kwa nini anadanganya watu. Dereva alikuwa anakunja nyaya zake, hata hakukasirika.

"Mwalimu, tangu lini msiba ukatangazwa kwa kipaza sauti mbele ya akina mama?"

Baba yangu alipofariki, mimi mwenyewe nilifuatwa shuleni nikaambiwa anaumwa sana. Nilifika nyumbani nikakuta watu wamejaa uani, ndipo shangazi akanikalisha chini.

Mwezi uliofuata nilikwenda Mbeya kwa semina, nikapita Mwanjelwa. Mama nilimkuta sokoni, katikati ya magunia yake. Nilimwamkia, akanipisha kigoda, nikamwambia makala yake ni nzuri, tena ameona mambo ambayo mimi sikuyaona. Akatabasamu hadi nikashindwa kuendelea. Mwishowe nikasema kwamba shida ni ile sentensi ya mwisho tu.

"Kwamba alikufa?" akauliza. "Najua, mwanangu. Nani anaambiwa vile asijue?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakuandika hivyo. Akawa anasawazisha mchele kwenye debe kwa kiganja, taratibu, ingawa ulikuwa umeshasawazika. Akanieleza kwamba mwanawe naye alikwenda migodini, kusini huko, na wenzake walileta barua: ameumia, yuko hospitali, anaendelea vizuri. Mwaka wa kumi na mbili huo. Ukishaambiwa mtu wako ni mgonjwa, akasema, huwa wanakuja watu kukukalisha na kukwambia lililobaki. Kwake hakuna aliyekuja.

"Wewe umekuja, na umeiona kwa macho yako," akasema. "Niambie."

Nikateremka kwenye kigoda, nikakaa naye chini kwenye gunia tupu, nikamshika mkono. Nikamwambia kijana amefariki. Nikamweleza mvua ilivyonyesha siku ile, na jinsi jeneza lilivyobebwa. Akalia bila sauti, kanga mdomoni, na wauza ndizi wa jirani wakaacha biashara zao wakaja kukaa nasi bila kuuliza ni msiba wa nani.

Baadaye akanigeukia. "Waliomzika walikuwa wengi?"

Kwenye sinema walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa mwenye koleo.

"Walikuwa wengi sana, mama," nikasema.

Akaomba penseli na zile karatasi zake nilizokuja nazo, akafuta sentensi ya mwisho, akaandika kwamba kijana alikufa na alizikwa na watu wengi. Nikaipa makala alama ya kufaa, nikaipeleka ikapigwe chapa hivyo hivyo.