Kinyozi Asiyekaa

Chumba cha kinyozi kilikuwa na sehemu tatu za kukaa, na mwenyewe hakukalia hata moja. Kiti cha chuma, kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga pedeli, kilikuwa cha mteja. Benchi la ukutani lilikuwa la wanaosubiri. Kigoda cha magurudumu alichonunuliwa na mkewe kilikaa pembeni, kimebeba taulo.

"Nikikaa nitaona pua za watu," alisema. "Kichwa nitakionea wapi?"

Alisimama tangu anafungua mlango mpaka anafagia nywele za mteja wa mwisho, na alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto.

Kidonda kilianza kama mchubuko. Alijigonga kwenye pedeli ya kile kiti, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mtu mwingine angesahau. Yeye mchubuko ulifunguka, ukapanuka, na ngozi iliyouzunguka ikawa nyeusi na ngumu. Jioni mguu ulivimba hadi kiatu kikagoma kuvulika.

Ushauri wa kwanza ulitoka benchini, kwa Kipara, dereva mstaafu wa lori ambaye hakuwa na unywele wa kukatwa lakini alikuja kila asubuhi kusoma gazeti na kurekebisha mambo ya watu.

"Pasua kapsuli, mwagia ule unga," alisema Kipara. "Halafu kiache wazi kipigwe hewa. Kidonda kinataka kukauka, basi."

Kikakauka juu. Unga ulishikamana na usaha ukawa ukoko, na chini ya ukoko maji yakaendelea kutoka. Mkewe aliyajua hayo kwenye beseni la kufulia.

"Soksi zako zinanisimulia mambo ambayo wewe hunisimulii," alisema. Kesho yake alimpeleka zahanati mwenyewe, akamkalisha foleni, akakaa pembeni yake ili asitoroke.

Muuguzi wa chumba cha vidonda alikuwa na umri wa binti yao. Aliosha kidonda kwa maji safi ya uvuguvugu, akautoa ukoko taratibu. Kisha akaweka karatasi laini ya plastiki juu ya kidonda na kuchora ukingo wake kwa kalamu. Alimpima presha mkononi na mguuni kuhakikisha damu inashuka vizuri, maana mguu usiofikiwa na damu haukazwi bandeji.

"Baba, kidonda chenyewe si tatizo kubwa," alisema. "Tatizo ni mguu. Mishipa inayorudisha damu juu imechoka. Ukisimama, damu inabaki huku chini, mguu unavimba, ngozi haiponi."

Alimfunga bandeji ya kubana kuanzia nyuma ya vidole hadi chini ya goti. "Usiifungue mpaka urudi kwangu. Na ukiwa huna kazi, lala, mguu uwe juu kuliko kiuno."

"Na nikiwa na kazi, mwanangu?"

"Fanya kazi umekaa."

Kinyozi alicheka kwa adabu.

Siku iliyofuata mteja mmoja alikaa kitini, akaona suruali imefura na bandeji imechungulia chini. Akautazama mguu. Akautazama wembe. Akakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri mahali.

Jambo hilo lilimwingia kinyozi kuliko maumivu. Nani ataweka shingo yake chini ya mikono ya mtu mwenye kidonda? Bila wateja hana chumba, na bila chumba hajui angefanya nini na siku nzima. Kuanzia hapo, kila asubuhi alijificha nyuma ya pazia, akaifungua bandeji, akaiviringa vizuri na kuitia kwenye droo. Juu ya kidonda aliacha kipande cha shashi na soksi ndefu. Jioni aliifunga tena kabla ya kwenda nyumbani. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Siku ya kurudi zahanati hakuna ambaye angejua kwamba ile haikuwa kazi ya muuguzi.

Muuguzi aliifungua bila neno. Alichora ukingo upya, akaweka plastiki mpya juu ya ile ya zamani. Mstari mpya ulipita nje ya ule wa kwanza. Kisha akapitisha kidole kwenye ngozi.

Bandeji iliyoshinda na kulala mguuni huacha makunyanzi ya mshazari, na mguu hunywea. Mguu wa kinyozi ulikuwa umevimba na laini, na alama pekee ilikuwa ya mpira wa soksi.

"Baba, nani anaifungua?"

Kinyozi aliwahi kuwaambia watu wengi: usinidanganye kwamba hujajinyoa nyumbani, kisogo chako nakiona. Sasa alikuwa upande wa pili wa kioo. Alimtazama mkewe aliyemsindikiza, mkewe akawa anatazama dirishani.

"Inabana," alisema.

"Ndiyo kazi yake."

"Wateja wanaogopa, mwanangu."

"Kikizidi kupanuka, tutakupeleka hospitali ukapandikizwe ngozi. Utalala huko wiki nyingi. Wateja wako watakusubiri?"

Kinyozi aliunyoosha mguu ufungwe upya.

Asubuhi mkewe aliongozana naye kazini. Hakumkaripia. Aliondoa taulo kwenye kigoda, akazipanga kwenye rafu, akakisukuma kigoda hadi nyuma ya kiti cha mteja. Akaweka kreti la soda na mto juu yake, kwa ajili ya mguu.

"Shemeji, unamfanya mkurugenzi," alisema Kipara.

"Na wewe na kapsuli zako, soma gazeti lako."

Mteja wa kwanza alikuwa karani wa posta. Kinyozi alikaa, akakanyaga pedeli kwa mguu mzima, kiti kikashuka. Kisogo kilimfikia kifuani sawasawa. Alinyoa nyuma, akafika penye sikio, akakwama. Kuzunguka hawezi. Ndipo aliposhika mgongo wa kiti na kukisukuma. Kiti kilizunguka. Kilikuwa kinazunguka tangu siku kilipoingia mle ndani, na yeye ndiye aliyekuwa akikizunguka.

"Mzee, unanigeuza kama antena," alisema karani.

"Tulia, picha inakaribia."

Karani aliinamisha macho akaiona bandeji.

"Kidonda kiko chini, kichwa chako kiko juu," kinyozi alisema. "Havitakutana."

Wapo waliohamia kwa vinyozi wengine, wasirudi tena. Waliobaki walizoea kugeuzwa. Pasipokuwa na mteja, kinyozi alijilaza kwenye benchi, mguu juu ya kreti, na Kipara akasogea mwisho kabisa huku akinung'unika. Kule zahanati michoro ilianza kuingia mmoja ndani ya mwingine, polepole, wiki nyingine bila kusogea kabisa, hadi pakabaki kovu jembamba linalong'aa. Muuguzi akamvisha soksi ya kubana.

"Hii mpaka lini?"

"Siku zote, baba. Usiku unavua."

"Na kusimama?"

"Kidogo kidogo."

Alirudi kazini bila bandeji. Karani wa posta alikuwa anasubiri. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, na kwa mazoea ya zamani akasimama nyuma yake, akaanza kumzunguka na mkasi. Alifika penye sikio.

"Mzee," karani aliuliza, "leo hunigeuzi?"

Kinyozi alivuta kigoda kwa kisigino, akakaa, akakanyaga pedeli.