Pini Saba Mdomoni

Alipokuwa hai, Muthama alikuwa na kikohozi ambacho hakuna daktari angekipata. Kilimshika tu pale mke wake Nzisa alipoanza kuwaambia wageni mambo ya ndani. "Kitanda chetu kilipovunjika," Nzisa akianza, mbele ya mchungaji na kikombe chake cha chai, Muthama alikohoa. Nzisa alikatiza hapo hapo na kumwongezea mgeni sukari. Waliishi hivyo miaka ishirini na sita, na watu wa mji wa Kabati wakaamini mzee ana kifua.

Kisha Bwana akamchukua Muthama mwezi wa tatu, kwa ugonjwa wa siku nne usiohusu kifua hata kidogo, na hakubaki mtu wa kukohoa.

Nzisa alikuwa fundi wa nguo, na kibanda chake cha mabati kilitazamana na soko. Mtu akileta suruali ya kufupishwa, alirudi nyumbani akijua kwamba Nzisa hulala na soksi za marehemu, kwamba mashemeji walikula mazishini kuliko walivyochanga, na kwamba ana jino la nyuma ambalo likiguswa na chai ya moto anaona nyota. Wateja wakapungua. Si kwamba hawakumwonea huruma. Walikuwa wameacha sufuria motoni.

"Dada Nzisa," akasema Mwanahamisi, muuza viatu wa kibanda cha pili, aliyetenganishwa naye kwa bati moja tu. "Yule kijana aliuliza zipu itakuwa tayari lini. Zipu tu! Wewe umemfikisha mpaka kwenye kibofu chako."

"Alinisalimia vizuri."

"Kila mtu anakusalimia vizuri. Hiyo si ruhusa."

Mwezi wa kumi na moja shule moja ilimwita ofisini kuhusu sare za wanafunzi wapya. Aliulizwa swali moja: atamaliza kabla shule hazijafunguliwa? "Nitamaliza," akajibu, na angenyamaza hapo mambo yangekwisha vizuri. Lakini kiti kilikuwa laini na mwalimu alikuwa na uso wa huruma. Nzisa akaeleza kwamba cherehani yake huuma uzi siku za unyevu, ila Kitui unyevu utoke wapi. Akaeleza pia kwamba mwaka juzi alishona shati lenye mkono mmoja mrefu, lakini siku hiyo alikuwa ametapika, na akasema alikuwa amekula nini. Kazi ikaenda kwa fundi mwingine, anayejulikana kwa kushona vibaya na kunyamaza vizuri.

Ikabaki shule moja. Kaka yake Kiema alikuwa amepiga simu kutoka Ikutha: Krismasi ikipita bila kazi, afunge kibanda, aende amsaidie na mbuzi. Nzisa aliwapenda mbuzi wakiwa kwenye sahani.

Akapiga magoti akamwomba Mungu amfungie mdomo. Akatoa sababu, kisha sababu za hizo sababu, mpaka magoti yakafa ganzi.

"Mimi najua wakati mmoja tu ambapo unanyamaza," Mwanahamisi akamwambia asubuhi yake. "Ukiwa na pini mdomoni. Mwalimu akija, weka pini."

"Nikimeza je?"

"Utapata habari mpya ya kusimulia."

Madam Waithera, mwalimu mkuu wa shule ile ya pili, alikuja Jumanne na koti lake mwenyewe, amjaribu fundi kwanza. Alipoingia tu, Nzisa akabana pini saba kati ya midomo na kuanza kupima.

"Umeshona miaka mingi?"

"Mm."

"Na kazi yako naweza kuiona?"

Nzisa akanyoosha kidole kwenye mashati yaliyoning'inia ukutani. Madam akavuta mishono, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unaweza kuanza lini?"

Kidole kikaenda kwenye kalenda ya kanisa: Jumatatu.

"Nakupenda," akasema Madam Waithera. "Huna maneno mengi."

Upande wa pili wa bati kiatu kikaanguka.

"Sasa niambie, una mtu wa kukusaidia?"

Hapo Nzisa akahisi yote yanapanda kwa pamoja: hospitali, soksi, mashemeji. Akaanza kutoa pini, moja moja, akizichomeka kwenye kifuko chake kidogo cha pamba. Ya kwanza na ya pili zikaondoka na mashemeji. Ya tatu ikaondoka na jino. Kufikia ya saba alikuwa amebaki na Muthama peke yake.

"Nilikuwa na mume," akasema. "Bwana alimchukua mwezi wa tatu. Siku ile ya kwanza alipoanza kuumwa, alikuwa..."

Nyuma ya bati mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi.

Nzisa akakatiza hapo hapo. "Sasa nashona peke yangu," akasema. "Na huwa namaliza."

Madam Waithera alimtazama kidogo. "Pole, mama. Jumatatu njoo uwapime watoto."

Alipoondoka, Nzisa akagonga bati. "Nani alikufundisha kukohoa hivyo?"

"Miaka kumi na miwili nakaa hapa," Mwanahamisi akajibu. "Unadhani mzee wako alipokuwa akikuletea chakula nilikuwa kiziwi?"

Nzisa alifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha kaptura.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. "Bwana asifiwe. Nimepata kazi ya shule. Amina." Akaketi. Mchungaji Gedion akabaki amenyoosha maikrofoni hewani.

"Mama, umemaliza?"

"Nimemaliza."

Kanisa likanong'ona. Alasiri akina mama watatu wakabisha hodi kwake na unga na sukari, nyuso zimewashuka kama za watu wanaokwenda kumwona mgonjwa. Kanini, mkubwa wao, akamshika mkono.

"Mwaitu, mama yetu, usitufiche. Ni nini kinakuuma?"

Nzisa alitazama kifuko cha pini, kule juu ya kabati. Kisha akawatazama hawa, waliokuja kwa miguu kuuliza.

"Basi kaeni vizuri," akasema, akimimina chai. "Nitaanza na jino."