Ngozi ya Bibi

Harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya kondoo hunirudisha Karatu, kwenye gari dogo jekundu la zamani ambalo baba aliliandaa kwa mashindano ya magari ya kale. Asubuhi ya safari ya kwenda mashindanoni pampu ya maji ilivuja, na gasketi ya kuizibia haikupatikana mjini. Bibi aliinuka kwenye ngozi yake ya kukalia.

“Kata hapa pembeni. Ingawa gari lisilobeba hata gunia la mahindi, sijui ni gari la nini!”

Baba alikata kipande, akakilainisha kwa mafuta, akakiweka mahali pa gasketi, akafunga pampu, akaondoka.

Aliporudi, bibi hakumpa hata pole ya safari. “Ngozi yangu imekuwa ya ngapi mashindanoni?”

“Ya mwisho, mama. Lakini haikuvuja hata tone.”

Tangu siku hiyo bibi alitandika ngozi yake pembe iliyokatwa ikitazama barabarani.