Ndimu ya Rispa na Chupa ya Levis

Huko Macalder dhahabu haikuuzwa kabla haijapitia mikononi mwa Rispa. Alikuwa mponda mawe tangu ujana, na kichwa chake kigumu kama hayo mawe. Unamletea kipande chako, anakisugua kwenye jiwe jeusi mpaka kiache mstari wa manjano, anakamulia ndimu juu. Mstari ukibaki, anasema, "Dhahabu. Nenda." Miaka thelathini hakuna aliyembishia.

Basi Nyaboke, mjane aliyepewa kipande na wachimbaji kwa kazi ya mwezi mzima, akaenda na Rispa kwa Levis, mnunuzi kutoka Ndhiwa. Levis akasugua, lakini hakukamua ndimu. Alidondosha tone la asidi kutoka chupa ndogo. Mstari ukatoa povu, ukaisha.

"Hii ni shaba, Dani," akamwambia Rispa, akimwita bibi kwa Kijaluo.

"Shaba ya nyanya yako!" Rispa akaruka. "Nimeipima leo asubuhi! Ndimu ni asidi na hiyo yako ni asidi. Ama yako imeenda shule?"

Nyaboke akacheka, kisha akakumbuka kipande ni chake.

"Asidi hazilingani," Levis akasema. "Kila moja ina namba yake ya nguvu, wanaiita pKa. Siki inakaribia tano, ndimu ni tatu na kidogo, hii yangu iko chini ya sifuri. Namba ikishuka, ukali unapanda. Ndimu ni nyonge, haiwezi kufuta shaba hapo hapo."

Rispa hakumwamini. Akachomoa kipuli chake cha dhahabu sikioni. "Weka na hii. Ikiliwa, wewe ni mwizi."

Levis akasugua, akadondosha. Wakangoja. Mstari ukakaa palepale, unang'aa.

Rispa akarudisha kipuli sikioni.

"Sasa watoto wangu watakula nini, mama?" Nyaboke akauliza polepole.

Ilikuwa rahisi Rispa aseme wachimbaji ni wezi, na neno lake libaki safi. Kuomba radhi hakukujua. Lakini akasimama, akakung'uta leso. "Levis, beba chupa. Twende."

Mgodini watu walikuwa wanakula. Rispa hakusalimu.

"Nilisema hii ni dhahabu. Nilikosea mimi, Rispa, msikie wote. Sasa, nani alimpa huyu mama shaba?"

Mwishowe Boaz, mkubwa wa wachimbaji, akatoa kipande kingine mfukoni, akamnyooshea Nyaboke bila kuinua macho. Levis akasugua, akadondosha.

Mstari ukabaki. Hapo ndipo Nyaboke alipokaa chini kwenye vumbi, akalia.